Mkono Wenye Hasira

Chanuo lilikuwa la moto. Msusi alilitoa kwenye droo iliyofungwa tangu jana, likamchoma vidole kana kwamba kuna mtu ametoka kulipasha moto sasa hivi. Akalirudisha, akachukua jingine na kuanza kumsuka binti yake, bila kumtazama kwenye kioo.

Binti alikuwa na miaka minane. Tangu siku ile alipotoka bafuni akiwa na macho yasiyopepesa, hakuwa amesema neno kwa sauti yake mwenyewe. Wateja walihama. Saluni ikabaki ya watu wawili, na yule wa tatu.

"Wifi," shangazi wa mtoto alinong'ona kwenye nondo za dirisha. "Mganga anakuja. Anasema atamng'oa huyo jini kama jino bovu."

"Mlango umegoma, wifi. Nimeuvuta mpaka mikono imekufa ganzi."

"Atauvunja. Kwa kitambi kile, akiuegemea tu umekwisha." Lakini hakucheka. Akaondoka mbio kumpokea mganga.

Ndipo harufu ya chuma kilicholowa ikajaa chumbani. Midomo ya mtoto ikafunguka, ikatoka sauti nzito, iliyokwaruza.

"Mlango nimeufunga mimi. Mganga asinivute. Nimeota mizizi kooni mwake. Nikivutwa, natoka na roho yake."

"Muongo mkubwa wewe!"

"Na mwizi pia. Nilimkuta anaoga huku anaimba, nikaitamani ile sauti. Lakini analia humu ndani, mama. Analia mchana kutwa, na anayemsikia ni mimi tu. Sikujua mtoto hulia hivi. Nimeshindwa."

"Si utoke!"

"Mpaka unisamehe. Na nikitoka, nitaingia kwako. Sikufichi."

Msusi aliendelea kusuka kwa sababu hakujua mikono aiweke wapi. "Nimekusamehe," alisema, amebana meno.

"Bado. Mkono wako una hasira. Unavuta nywele mpaka ngozi inainuka."

Nje mganga alikuwa amefika, bega lake likagonga mlango mara ya kwanza, kuta zikatikisika, chupa za mafuta zikaanguka moja baada ya nyingine, na msusi, akiwa ameshika msuko ambao haujafika mwisho, akawaza kwamba duniani kote ni wawili tu waliokesha na kilio cha mtoto huyu, yeye aliyekitafuta asikisikie na huyu aliyekisikia asiweze kukinyamazisha, na kabla hajajua anafanya nini vidole vyake vikalegea, vikausuka ule msuko taratibu, kama anavyosukwa mtu aliyechoka.

Mlango ukafunguka wenyewe. Mganga akaanguka ndani kifudifudi.

"Mama," binti alisema, kwa sauti yake nyembamba, akishika kichwa. "Ulikuwa unaniumiza."

"Ametoka!" shangazi alipiga kelele. "Jamani, ametoka!"

Msusi alitaka kulia, alitaka kumwita mwanawe kwa jina. Koo halikumtii. Badala yake, kinywani mwake, ile sauti nzito ikasema kwa upole:

"Pole, mwanangu."