Mtani Aliyefungiwa Mlango

Kila asubuhi, kabla hajabandika sufuria ya majani ya kutia rangi, Nyele Diarra alimtukana Zumana Traoré.

Alimtukana mtandaoni kwa simu yake, kwa maandishi, na kwa moyo mweupe. "Mtumwa wangu, umeamka? Au maharagwe ya jana yamekulaza?" Kisha, akicheka peke yake, alikwenda kuchora kwa tope kwenye vitambaa vyake vya kuuza.

Hapo Ségou, nchini Mali, hakuna aliyeshangaa. Akina Diarra na akina Traoré ni watani tangu enzi za mababu. Diarra akikutana na Traoré asimwite mtumwa wala mla maharagwe, basi ujue kuna ugomvi mkubwa.

Zumana alikuwa dereva wa lori, sasa mstaafu. Alikuwa amelazwa Bamako, kapasuliwa koo. Daktari alimkataza kusema hata neno moja. Yalibaki maandishi tu.

"Usiniache, mla maharagwe," Zumana alimwandikia Nyele baada ya kupasuliwa. "Humu wote wananihurumia. Nitakufa kwa huruma yao."

"Ukifa, nani atanipikia?" Nyele akajibu. "Nitakuandikia kila siku."

Akaandika kila siku. Lakini ghafla Zumana akaacha kujibu. Nyele aliangalia simu yake, maneno yake yalikuwapo. Majirani waliyasoma, wakacheka. Zumana, kimya.

Akampigia mke wa mpwa wa Zumana, aliyekuwa akimwuguza mzee huyo.

"Hajambo, Mama, anakunywa uji," yule mwanamke alisema. "Ila amegeukia ukutani. Ameandika kwenye karatasi kwamba Diarra amemchoka."

"Mwambie naandika!"

"Nimemwambia. Akanionyesha simu yake. Hamna kitu, Mama. Anadhani namtuliza tu. Na uji wenyewe sasa anauacha."

Maneno yapo, na hayapo. Nyele akatoka na mikono ya tope mpaka kwa jirani yake, Asitan Samaké. Asitan ndiye aliyesimamia ukumbi wa watia rangi wa Ségou huko mtandaoni.

"Asitan! Huu mtandao wenu unakula maneno ya watu!"

"Karibu, Mama. Kaa kwanza."

"Sikai! Mwenye mtandao ni nani? Nipe namba yake."

"Hauna mwenyewe mmoja, Mama."

"Acha mzaha. Hata punda wa jirani yetu Sanaba ana mwenyewe."

Asitan akacheka. "Huu wetu ni kama mtaa. Sisi watia rangi tuna nyumba yetu. Zumana yuko nyumba nyingine, ya wapenzi wa redio. Kila nyumba ina wasimamizi wake na sheria zake. Tunapelekeana habari tu, kama majirani."

"Basi mimi nimefukuzwa au sijafukuzwa?"

"Kwetu hujafukuzwa."

"Na kwao?"

Asitan akafungua kompyuta. Akashika kichwa. "Ee, Mama! Kuna mtu wa nyumba ile alisoma 'mtumwa wangu', akashtuka, akakushtaki. Malalamiko yalifika na huku. Mimi niliyasoma nikacheka, nikayaacha. Kumbe wenzetu hawakucheka. Bila shaka wamekufungia mlango. Ningekwambia mapema. Nimekosea."

Sasa Nyele alikaa. "Lakini mimi simtukani. Namtania!"

"Mimi najua. Wao watajuaje? Hawajawahi kuona mtani. Hebu fikiria mgeni amwite binti yako mtumwa mbele za watu. Ungefanya nini?"

"Ningempiga mwiko wa kichwa."

"Ndicho walichokifanya."

"Sasa nimkasirikie nani?"

"Usimkasirikie mtu. Hatuwezi kuwalazimisha, mlango ni wao. Tunaweza kuwaeleza. Na Zumana ana hiari yake. Akitaka atahamia nyumba nyingine, na marafiki zake watamfuata huko."

Asitan akaanza kuwaandikia wasimamizi wa nyumba ile.

"Weka na hiki," Nyele alisema. "Kitendawili! Ananitukana kila siku, siku akinyamaza ndipo ninapoumia. Ni nani?"

"Hawatakijua, Mama."

"Basi wakamwulize mgonjwa."

Wakamwuliza kweli. Kesho yake jibu lilifika: "Tumemwuliza Bwana Traoré. Amesema, 'Huyo ni mtani wangu. Mfungulieni, ni mtumwa wangu mimi.' Hatujaelewa yote, lakini yeye ameamua. Maneno ya huyo mama hayataonekana kwenye ubao wetu wa wote. Yatawafikia waliochagua kumfuata."

"Kwa hiyo nimefunguliwa nusu?" Nyele aliuliza.

"Umefunguliwa kwa anayekutaka."

"Na asiyenitaka?"

"Hakuoni. Ni haki yake."

"Mimi kuna mwanamume ananiletea picha za nyoka kila siku. Naweza kumfungia?"

"Bonyeza hapa. Huhitaji ruhusa yangu."

Nyele akabonyeza. Nyoka wakapotea. Akafurahi kama mtoto.

Asitan akamfundisha jambo jingine. Akiandika kwa watu wote, atangulize maneno haya: "Utani wa Diarra na Traoré." Matusi yenyewe yafichwe chini. Anayetaka ayafungue, asiyetaka apite.

Kule kufungiwa kulikuwa kumewatenganisha mtandaoni, kwa hiyo ilibidi Zumana achague upya kumfuata Nyele. Alipochagua tu, simu ya Nyele ikalia: maandishi ya Zumana.

"Mla maharagwe mkubwa! Nilidhani umekufa. Nimeshaanza kugawa vyungu vyako. Asitan ameniandikia kwamba naweza kuhamia kwenu. Nihamie kwa Diarra, nife njaa? Nabaki kwenye redio zangu."

Mke wa mpwa wake naye akapiga. "Mama, umemfanya nini? Anacheka bila sauti, mabega yanaruka. Nesi amekuja mbio. Na bakuli la uji ni tupu!"

Nyele akafuta tope kwenye vidole, akaandika: "Mtumwa, nirudishie vyungu vyangu. Na uvioshe kwanza."