Maneno Aliyoyaruka

Ilikuwa Jumamosi, ghorofa ya pili juu ya soko la nguo, siku ambayo hata ngazi hazipati nafasi ya kupumua. Fundi miwani mmoja alipanda na koti lake lenye zipu mbovu, akikwepa mabunda ya vitambaa, mpaka mlango wa chumba cha mafundi cherehani. Hapo akasimama. Juu ya mlio wa cherehani, sauti ya mwanamke ilikuwa inasoma hadithi ya gazetini.

Hadithi ile ilikuwa yake. Aliiandika kwa jina la bandia, alfajiri kabla ya kwenda kazini, akifuta na kurudia mpaka karatasi inatoboka. Hakuwa amewahi kuisikia ikitoka kinywani mwa mtu.

"'Basi yule bwana akafumbua macho, akamwona mchumba wake kando ya kitanda, akamwambia: Nimerudi.' Imekwisha hiyo."

Wanawake wakashusha pumzi. Mmoja alipangusa macho kwa ukosi wa shati asilolimaliza.

"Ha-ha-haikuisha hivyo," ikasema sauti ya mlangoni.

Vichwa vikageuka. Msomaji alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, limemkaa kiunoni kama amezaliwa nalo, na utepe wa kupimia shingoni. Wenzake walimwita Redio.

"Kumbe iliishaje?"

"A-alikufa."

"Kaka yangu, hapa tunashona sare za shule. Akifa mtu humu ndani, mishono yote inapinda. Lete hilo koti."

Chumba kikaangua kicheko. Na yeye, ambaye vicheko vya watu juu ya kigugumizi chake vilimfunga mdomo tangu utotoni, akajikuta anacheka nao.

Zipu ilitengenezwa siku ileile. Wiki iliyofuata akaja na kifungo kilichong'oka, halafu na pindo lililofumuka. Mama Vifungo, mkubwa wao, aliyepewa jina hilo kwa kazi yake, akamtazama juu ya miwani. "Mwanangu, nguo zako zinaharibika kwa ratiba."

Siku hiyo Redio alimsindikiza hadi kwenye ngazi, na hapo ndipo akaambiwa mwandishi ni nani.

"Wewe? Wewe ndiye unayewaua watu kila wiki?"

"Si-si wote."

"Wabakize, basi. Na namba yako ya simu uibakize pia."

Wakawa wanapigiana jioni.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Na-na-na..."

"Usihangaike. Miguu yangu imo ndani ya beseni la maji ya moto, sina safari. Nasubiri."

Na kweli alisubiri. Ndugu zake mwenyewe walikuwa na desturi ya kummalizia sentensi ili yaishe. Huyu alimwachia, na maneno yakatoka moja moja, yakiwa mazima. Akikata simu, alimshukuru Mungu kwa sauti, na neno "asante" halikukwama.

Jioni moja ikawa zamu ya Redio kunyamaza.

"Nikikwambia kitu utanicheka?"

"Mi-mimi nimcheke nani?"

"Shule niliishia darasa la nne. Maneno marefu yananishinda. Nikikutana nalo naliruka, natia la kwangu. Ule mwisho wako sikuugeuza kwa ujanja. Lilikuja neno sikuliweza, nikaingiwa na hofu, nikamfufua mtu."

"U-ulimfufua vizuri."

"Usimwambie yeyote. Wale wenzangu wananiona msomi. Ndiyo heshima yangu pekee mle ndani."

Laiti angelishika hilo. Lakini kwa mwandishi, wiki huja hata kama kichwa ni kitupu. Alfajiri moja alikaa mbele ya karatasi, hana kitu, na mwanamke anayeruka maneno akaja mwenyewe, akakaa. Hakuwahi kuandika kwa furaha namna ile. Alimvika kila zuri alilokuwa nalo: sauti, vidole, huruma ya kuwafufua wafu. Akapeleka gazetini bila kuuliza, akidhani anampelekea zawadi.

Jumamosi Redio akafungua ukurasa, akakohoa kidogo, akaanza. Alisoma habari za chumba kilichojaa cherehani. Wanawake wakagusana viwiko: "Mbona kama sisi?" Akasoma habari za msomaji mwenye sauti tamu. Kisha macho yake yakatangulia mstari mmoja mbele ya mdomo, na damu ikamkimbia usoni.

"Imeishia hapo," akasema.

"Na ukurasa bado umejaa?" akauliza Mama Vifungo.

"Hayo ni matangazo."

Simu ililia kabla hajafika nyumbani.

"U-umeisoma? Umeipenda?"

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Ni-nilikusifia! Hakuna mtu niliyemwandika vizuri ku..."

"Siri ilikuwa yangu. Ungeniuliza." Akakata.

Chumba cha cherehani kikawa kimya, Jumamosi hata Jumamosi, mlio wa sindano tu. Redio alisema macho yanamuuma. Fundi miwani naye alikaa mbele ya karatasi, kila mstari ukamkataa. Asichokijua ni kwamba nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, Redio aliupitia ule ukurasa kwa kidole, neno kwa neno, akilia kwa hasira, kisha akilia kwa kitu kingine. Hakuna aliyewahi kumtazama kwa makini kiasi kile. Aliomba apewe moyo wa kusamehe, na alipoinuka bado alikuwa amekasirika. Akaomba tena kesho yake.

Jumamosi moja mchana, fundi miwani alitokea mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola imesimama.

"Leo nini kimekatika?" akauliza Mama Vifungo, bila kutabasamu.

"Ni-ni mimi." Akaingia katikati ya chumba, mahali ambapo hangesimama hata kwa bastola. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Ni-nilichukua kisichokuwa changu. Na-nataka kuku... kuku... kuku..."

"Kuku hapa hatuna, baba, hapa ni nguo!"

Chumba kikalipuka. Hata Redio bega likamtikisika. Wengine wakaanza kumsaidia: "Kukuona? Kukuombea? Kukuoga?"

"Mwacheni," Redio akasema, sasa amesimama. "Neno ni lake."

Wakamwacha.

"Kuku-omba radhi."

Waliotarajia zaidi wakaguna kwa kukata tamaa.

"Na... kuku-oa."

Hapo hakuna aliyeguna. Redio alikunja kitambaa mikononi, akakikunjua. Kisha, kabla ya kumjibu, akawageukia wenzake.

"Yule wa kwenye hadithi ni mimi. Maneno magumu siyajui. Nimekuwa nikiwasomea ya kutunga."

"Tunajua," akasema Mama Vifungo.

"Mnajua?"

"Mwanangu, binti yangu ananisomea gazeti hilohilo kila Ijumaa. Jumamosi nakuja kusikia lako. La binti lina maiti; ni lako linaloniachia usingizi."

Redio akajifunika uso kwa kile kitambaa. Alipokitoa, macho yalikuwa maji matupu, huku anacheka. Akamgeukia mwanamume aliyekuwa bado amesimama pale akitota.

"Langu lolote, uniulize kabla hujaliandika."

"Na-nitauliza."

"Basi nimekubali. Kaa chini kabla hujaanguka."

Vigelegele vikafika hadi sokoni. Vilipotulia, Mama Vifungo akatoa gazeti lile la siku ile kwenye droo ya cherehani, akalinyoosha. "Sasa tumalizie yale matangazo."

Redio akasoma kuanzia pale alipokomea, sauti ikitetemeka, kisha ikakaa sawa. Mistari miwili kabla ya mwisho akasimama. Zamani angeliruka. Safari hii aliweka kidole juu ya neno, akamwonyesha mchumba wake mbele ya watu wote.

"Hili linasomwaje?"

"Mu-mu-mus... musta..."

Cherehani zote zilikuwa zimesimama. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyekuwa na haraka.