Saa Isiyohesabiwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Wanza alikuwa na kazi tatu: kuchota maji mferejini, kuwasha jiko la makaa, na kumvusha barabara mdogo wake Kaluki, aliyekuwa darasa la kwanza. Kazi ya nne alijipa mwenyewe, nayo ilikuwa kuuliza maswali.

"Mama, nani aliyeamua barabara yetu ipite hapa? Na kwa nini Ngong Road kuna taa za kuongoza magari lakini huku Kianda hakuna?"

"Wanza mwanangu," mama yake alimjibu huku akifunga robota la nguo za mitumba, "maswali yako yangekuwa sukuma wiki, tungekula mwaka mzima."

Ulikuwa mwezi wa Machi, mwaka wa 2008. Ghasia zilizozuka baada ya uchaguzi zilikuwa zimetulia. Katika Soko la Toi, ambako kibanda cha mama kiliungua mwezi wa Januari, wauzaji walikuwa wameanza kusimamisha nguzo mpya. Hata hivyo, barabara bado ilionyesha yaliyopita. Pale matairi yalipochomwa, lami ilikuwa imeyeyuka na kuacha mashimo meusi. Magari yaliyakwepa mashimo hayo kwa kasi, mara kushoto, mara kulia, na watoto wa Shule ya Msingi ya Mwangaza walivuka katikati yake. Mwezi wa Februari pikapu moja ilimgonga mtoto wa darasa la pili, ikamvunja mguu.

Baada ya ajali hiyo, wazazi na wenye maduka waliandika barua kwa ofisi ya barabara ya jiji. Waliomba matuta ya kupunguza kasi ya magari. Siku ya Alhamisi moja jibu lilifika likiwa limevaa jaketi la manjano. Alikuwa afisa wa barabara, jina lake Bi. Njambi.

"Ombi lenu limesomwa," aliwaambia wanafunzi wa darasa la saba. "Lakini nina maombi ya barabara tatu mezani, na siwezi kuzihudumia zote kwa pamoja. Nitahitaji hesabu. Magari mangapi hupita hapa kila saa, na watoto wangapi huvuka? Barabara itakayokamilisha hesabu safi mapema ndiyo itakayotangulia. Mwalimu Lusweti amekubali leo mnisaidie."

Wanza aliinua mkono, akauliza kabla hata ya kuruhusiwa. "Madam, kwa nini usiwaulize wenyeji tu?"

"Nikiwauliza, kila mmoja ataniambia barabara yake ndiyo mbaya zaidi. Nikihesabu, barabara yenyewe inajisemea."

Wanza alilipenda jibu hilo. Alisikiliza kwa makini Bi. Njambi alipoeleza utaratibu. Kila gari lingechorewa kijiti kimoja papo hapo linapopita. Kijiti cha tano kingekata vinne vilivyotangulia ili kufanya fungu. Kila saa ilikuwa na sanduku lake kwenye karatasi. "Saa ambayo hakuna gari lililopita, andika sufuri," alisema. "Na ukiondoka mahali pako kwa sababu yoyote, andika kwamba hukuwepo. Hakuna atakayekuchapa."

Wanza alipewa kuhesabu magari yanayopanda kuelekea Ngong Road. Yale yanayoshuka alipewa Murunga, aliyekaa ng'ambo ya barabara. Hadi Desemba wawili hao walikuwa wakienda shuleni pamoja, kwa kuwa walikuwa wapangaji wa ploti moja. Tangu Januari, mama zao walisalimiana kwa kutikisa kichwa tu. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Ila mama ya Wanza alitoka Machakos, mama ya Murunga alitoka Magharibi, na majira yale hilo pekee lilitosha kuwafanya watu wanyamaze.

"Sasa, Wanza," Murunga aliita. "Usiniibie matatu zangu!"

"Zako zinashuka, zangu zinapanda. Nitaziibaje?"

"Wee, mtu wa maswali kama wewe anaweza chochote!"

Kati ya saa mbili na saa tatu Wanza alihesabu magari thelathini na manne. Saa iliyofuata alipata ishirini na tisa. Saa nne ilipogonga, harufu nzito ilimfikia kutoka juu kwenye kona ya kanisa. Ilinuka kama matairi yanayoungua, na moyo wake ukashtuka. Lakini watu waliotoka huko walitembea polepole na kuzungumza. Hazikuwa ghasia. Ni nini basi kilichokuwa kikiungua?

"Naenda dakika mbili tu," alijiambia.

Wafanyakazi wanne walikuwa wakichemsha lami ndani ya pipa. Mzee mmoja aliyeitwa Mbuvi alikuwa akiikoroga kwa mti mrefu.

"Shikamoo, mzee. Kwa nini lami inanuka kama tairi?"

Mzee Mbuvi alicheka. "Kwa sababu zote ni binamu. Zote zimetoka kwenye mafuta ya chini ya ardhi. Ndiyo maana ukichoma tairi juu ya barabara, unaichoma na barabara."

"Na kwa nini usimwage lami tu juu ya shimo?"

"Haitashika. Kwanza nikate kingo ziwe wima. Kisha nitoe vumbi lote, hata lile usiloliona. Shimo linazibwa kuanzia chini, mwanangu."

Wanza aliuliza kwa nini kokoto hutangulia, kwa nini maji hunyunyizwa kwenye gurudumu la kushindilia, na lami hupoa kwa muda gani. Kila jibu lilizaa swali jingine. Kengele ya kanisa ilipomgutusha, ilikuwa saa tano kasoro dakika tano.

Alirudi mbio. Sanduku la saa nne lilikuwa tupu. Alikumbuka vyema maneno ya Bi. Njambi, lakini aliona aibu kuandika kwamba hakuwepo, kwa maana kila mtu alimjua kuwa mwanafunzi hodari wa Hisabati. Ndipo akakumbuka somo la wiki ile, somo la wastani. Thelathini na nne kujumlisha ishirini na tisa ni sitini na tatu. Gawanya kwa mbili, unapata thelathini na moja na nusu. Kwa kuwa hakuna nusu ya gari, alichora vijiti thelathini na kimoja, mafungu sita na kijiti kimoja pembeni. Vilikuwa nadhifu kuliko vyote vilivyokuwa kwenye karatasi ile.

Alipoinua macho, Murunga alikuwa akimtazama.

Kesho yake Bi. Njambi alirudi darasani akiwa na karatasi mbili mkononi. Jaketi lilikuwa lilelile, lakini uso haukuwa uleule.

"Kati ya saa nne na saa tano," alisema, "karatasi moja inaniambia magari thelathini na moja yalipanda. Nyingine inaniambia hakuna hata moja lililoshuka. Saa nzima, sufuri. Karatasi zikigongana hivi, siwezi kuzipeleka ofisini. Nani alikuwa anahesabu magari ya kushuka?"

Murunga alisimama.

"Alilala huyo!" mtu mmoja alinong'ona.

"Alikuwa amekimbilia kwao Kakamega kidogo, akarudi!" Alvin alidakia kutoka nyuma, na baadhi ya wanafunzi wakacheka.

"Alvin!" Mwalimu Lusweti alifoka. "Mzaha wa namna hiyo hauna nafasi hapa. Tumeona ulikotufikisha." Kicheko kikakatika. "Murunga, ulikuwepo saa hiyo?"

"Nilikuwepo, Mwalimu."

"Na hukuona gari hata moja?"

"Sikuona."

"Mwenzako aliyaonaje?"

Murunga aliinamisha kichwa. Alijua jibu. Alikuwa amekiona kiti cha Wanza kikiwa kitupu karibu saa nzima. Lakini hakusema neno.

Wanza alihisi masikio yake yakiwaka moto. Kama angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Murunga angeitwa mvivu, sufuri yake ingefutwa, na huenda matuta yangekuja upesi. Watoto wa darasa la kwanza wangevuka salama, Kaluki akiwa mmoja wao. Kwa kitambo kidogo uongo ule ulionekana kama wema. Kisha akayatazama mabega ya Murunga, yalivyojikunja kana kwamba anasubiri kupigwa.

"Madam," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba. "Ni mimi. Karatasi yenye makosa ni yangu. Sikuwepo. Nilienda kuangalia lami ikichemshwa. Niliporudi, nilitafuta wastani wa saa mbili zilizotangulia. Ilikuwa thelathini na moja na nusu. Nikaiacha ile nusu."

Bi. Njambi aliziweka karatasi mezani, akamwita Wanza na Murunga wamfuate nje. Waliteremka hadi penye kona ya chini, alipokuwa akiuza mandazi mama mmoja aliyeitwa Mumbua.

"Mama Mumbua, jana saa nne magari yalikuwa yakipita hapa?"

"Yapite wapi?" mama huyo alishangaa. "Lori la unga wa msaada lilitumbukia kwenye hilo shimo, likaziba barabara yote, na wenye magari ya kushuka wakaambiwa wapite njia nyingine. Wanaume walilisukuma mpaka nikawapa mandazi ya bure. Lilitoka saa tano ikikaribia. Hata baiskeli zilibebwa begani!"

Bi. Njambi alimgeukia Murunga. "Sufuri yako ilikuwa kweli tupu. Nisamehe kwa kukutilia shaka." Kisha akamtazama Wanza. "Unaona kilichopotea? Saa ile ilikuwa na habari kubwa kuliko zote, kwamba shimo moja linaweza kuwanyima watu barabara nzima. Wastani wako uliifunika."

"Sasa matuta yetu, Madam?"

"Itabidi mhesabu upya Alhamisi ijayo. Barabara ya Soweto East imekamilisha hesabu yake leo. Wao watatangulia. Ninyi mtakuwa wa pili."

Habari hiyo iliwachukiza wanafunzi. Alvin alimpa Wanza jina jipya, "Madam Wastani," na jina hilo likamfuata hadi langoni. Murunga peke yake hakulitaja. Walipokuwa wakirudi nyumbani, Wanza alimwuliza, "Kwa nini hukusema kwamba mimi ndiye niliyeondoka?"

Murunga alipiga kokoto teke. "Mama alinikataza. Alisema mwaka huu nisitaje jina la mtu mbele ya watu, hata iweje. Januari majina yalitajwa hivyo hivyo, na nyumba zikaungua."

Wanza aliipiga teke kokoto ileile, ikarudi miguuni pa Murunga.

Jioni ile alimsimulia mama yake kila kitu. Mama aliacha kukunja nguo. Akajitanda leso.

"Twende kwa kina Murunga. Wewe utaomba msamaha wako, nami nina wangu."

"Wewe umekosa nini, Mama?"

"Miezi miwili nimepita mbele ya mlango wa jirani yangu bila kuuliza wameamkaje. Hilo nalo ni kosa."

Mama ya Murunga alifungua mlango, akawatazama wote wawili. Wanza alieleza kosa lake bila kulipamba. Mama huyo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia mama ya Wanza, "Ingia, Mama Wanza. Chai ilikuwa inasubiri mtu."

Alhamisi iliyofuata mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wanza alikaa mahali pake akiwa amejifunika karatasi ya nailoni, akachora kijiti kwa kila gari lililopita mbele ya macho yake. Vijiti vyake havikuwa nadhifu, na vingine vililowa. Alipohitaji kwenda msalani aliandika, "Sikuwepo dakika sita." Saa saba mchana, watoto wadogo walipotoka shuleni, kikundi kilichohesabu wavukaji kilipata watoto mia mbili na kumi na wawili kwa saa moja. Bi. Njambi aliitazama namba hiyo mara mbili.

"Hii ndiyo itakayobeba ombi lenu," alisema.

Matuta yalijengwa mwezi wa Mei, wiki tatu baada ya yale ya Soweto East. Siku hiyo darasa zima lilitoka kutazama, na Wanza alimwuliza kila mfanyakazi jambo. Lami ilipopoa, Mwalimu Lusweti aliwakusanya kando ya barabara.

"Wanangu," alisema, "mwaka huu mmeona kwa macho yenu jinsi watu wanavyoumizana wanapokosa kuiamini hesabu ya kura. Mtu akiongeza namba asiyoijua, hata kwa nia nzuri, atakuwa amemnyang'anya mwenzake ukweli wake. Wanza alikosea, kisha akasema, 'Ni mimi,' mbele ya watu wote. Maneno hayo mawili yaliliokoa jina la Murunga, nayo ndiyo yaliyotufanya tupewe nafasi ya pili. Kudadisi ni jambo jema. Lakini ukikabidhiwa kazi, imalize kwanza. Na ukishindwa, sema kwamba umeshindwa."

Matatu ya kwanza ilikuja ikiteremka kwa kasi. Dereva aliyaona matuta, akafunga breki, na gari likapanda taratibu kama mtu anayepita juu ya jani la ndizi bila kutaka kulichana. Utingo alichomoza kichwa mlangoni.

"Ebo! Nani ametuletea milima huku?"

Wanza na Murunga walitazamana.

"Ni sisi!" walijibu kwa pamoja, na watoto wa darasa la kwanza wakaanza kuvuka.