Kazi Moja, Walimu Wawili

Watoto thelathini na wanane wa darasa la mwisho hawakufanya mtihani, kwa sababu majina yao hayakupelekwa ofisi ya elimu. Mmoja wao ni mpwa wangu. Mwalimu mkuu wa shule yao alikuwa baba yake mzazi, mume wa dada yangu.

Msidhani shemeji alikuwa mvivu. Alifika shuleni kabla mlinzi hajafungua lango. Tatizo lake ni kwamba hakumwamini mtu. Kila kazi aliwapa walimu wawili, kila mmoja akiambiwa peke yake. "Mmoja akizembea, mwingine ataniokoa," alisema. Basi kengele ililia mara mbili, au isilie kabisa. Walimu wawili waliingia darasa moja na chaki mkononi, wakabaki kutazamana, huku darasa la jirani likigeuka soko. Sisi wazazi tulicheka. Tungejua, tusingecheka.

Kazi ya majina alimpa makamu wake, kisha akampa mwalimu wa taaluma. Siku ofisi ya elimu ilipopiga simu kwamba tarehe imepita, mimi nilikuwa palepale ofisini kwake, nikirekebisha bawaba za mlango. Shemeji akawaita wote wawili.

"Majina si ulipeleka wewe?" makamu alimuuliza mwenzake.

"Mimi? Nilikuona unakusanya picha za watoto, nikajua umeshika wewe."

"Picha hizo nilikuwekea mezani kwako."

"Nikadhani umeziacha kwa muda. Nikakurudishia."

Shemeji aliwatazama, huyu na yule. "Lakini niliwaambia wote."

"Ndiyo, mkuu," makamu akasema. "Ulituambia wote. Hukusema ni ya nani."

Shemeji akakimbia ofisi ya elimu, akabembeleza hadi wakamfungia dirisha. Jioni nilimkuta sebuleni, kofia bado kichwani. Dada alikuwa jikoni. Binti yao akaja akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, nimefeli?"

"Hapana, mama."

"Nimefaulu?"

"Hapana."

"Sasa mimi niko wapi?"

Shemeji akanigeukia mimi, kana kwamba fundi mbao ndiye mwenye jibu.

FUNZO

Ndugu zangu mnaoongoza shule, na hata ninyi mnaoongoza nyumba: kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki, hata ukiwapa watu kumi. Kuongoza si kuwapa watu kazi moja ili wachungane. Mpe mmoja, mtaje mbele ya wenzake, kisha mfuate umuulize amefika wapi. Na wewe uliyepewa, usinyamaze ukaita heshima. Uliza.

Hasara ni hii. Watoto thelathini na wanane walipoteza mwaka. Tisa kati yao hawakurudi darasani tena. Makamu na mwalimu wa taaluma walihamishwa, na hawasalimiani. Shemeji alivuliwa ukuu. Mpwa wangu anarudia darasa katika shule ya mbali, ambako hakuna anayejua ni mtoto wa nani. Aliomba mwenyewe.