Kiti Kinachotazama Nyuma

Twahir alikuwa dereva wa pikapu mjini Gisenyi. Siku za kazi alibeba viazi kutoka Busasamana hadi sokoni. Kila Jumamosi alimpeleka mke wake, Kaltumu, huko Nyundo kwa Donatille, mama mzazi wa Kaltumu. Mama huyo alikuwa amevunjika mguu, na Kaltumu alikwenda kumfulia na kumpikia. Njiani Kaltumu alimpakata binti yao, Ishimwe, aliyekuwa na miezi mitano.

Mwezi wa sita mwaka 1999, walipata kiti cha mtoto cha kufunga garini. Alikituma Liliane, dada yake Kaltumu, aliyeishi Ubelgiji. Kilikuwa kiti kidogo cha plastiki ngumu, chenye kitambaa laini na mikanda ya kumfunga mtoto mabegani. Majirani walikuja kukitazama.

"Ni cha kuweka ndani ya voiture," Kaltumu aliwaambia. "Liliane anasema mutoto asipakatwe tena."

"Bon, hiyo ni kazi kidogo," alisema Twahir. "Mi niko chauffeur miaka kumi na mbili."

Alikiweka kwenye kiti cha abiria, upande wa mlango, kikitazama mbele, ili mtoto aone barabara. Alikifunga kwa mpira wa kufungia mizigo kwenye baiskeli. Karatasi ya maelezo hakuisoma. Kaltumu alikaa katikati, na safari ikaenda vizuri.

Jumamosi iliyofuata, wakirudi kutoka Nyundo, mbuzi alikatiza barabara ghafla. Twahir alikanyaga breki. Gari halikuwa na mwendo mkali, na mbuzi hakuguswa. Lakini mpira ulivutika, kiti kikapinduka, na uso wa Ishimwe ukagonga dashibodi. Mdomo wake ulipasuka. Damu ilichuruzika hadi kwenye nguo.

Kaltumu hakupiga kelele. Alimfungua mtoto, akamfuta damu, akamnyonyesha. Walipofika nyumbani alisema, "Baba Ishimwe, hii gari yako sitaipanda tena na mutoto. Nitamubeba mugongoni, niende na miguu."

"Mpaka Nyundo?"

"Mpaka Nyundo."

Twahir alitoka nje. Aliuangalia ule mpira. Ulikuwa mzima. Yeye ndiye aliyeufunga.

Jirani yao aliitwa Cansilde. Alikulia Tanzania, na sasa alikuwa dereva wa shirika moja la misaada. Kule Ngara aliwahi kumwendesha daktari mgeni aliyekuwa na mtoto mchanga, akajifunza kufunga kiti cha namna hii. Kaltumu alimweleza yaliyotokea. Jumapili mchana Cansilde alikuja.

Twahir hakupenda sana. Miaka kumi na miwili barabarani, halafu jirani aje kumfundisha! Hata hivyo alimkaribisha.

"Karibu, dada. Kiti iko hapa."

Cansilde alikigeuza, akakikagua. "Kiti ni kizuri," alisema. "Ila mtoto mdogo hatazami mbele. Anatazama nyuma."

"Nyuma? Ataona nini?"

"Atakiona kiti cha gari. Twahir, kichwa cha mtoto ni kizito na shingo yake bado laini. Gari likisimama ghafla, kichwa kinarushwa mbele na shingo haiwezi kukizuia. Akitazama nyuma, kiti kinapokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja."

"Na mama yake akimukamata vizuri kwa mikono?"

"Ishimwe ana kilo ngapi?"

"Saba," alisema Kaltumu.

"Gari likiwa na mwendo wa hamsini, likagonga, kilo saba zinavuta mbele kama kilo mia mbili."

Twahir alizijua kilo mia mbili. Yalikuwa magunia mawili ya viazi. Gunia moja tu hubebwa na wanaume wawili. Alimtazama Kaltumu na mikono yake, kisha akasema taratibu, "Donc hakuna mutu anaweza."

"Hakuna."

Wakaenda kwenye pikapu. Cansilde alichunguza dashibodi kwanza. "Magari mapya mengine yana mfuko wa hewa hapa mbele. Ajali ikitokea unajaa ghafla kwa nguvu na unaweza kumuua mtoto anayetazama nyuma. Mbele ya mfuko huo kiti hiki hakiwekwi kabisa. Gari lako ni la zamani, halina. Sasa weka kiti wewe mwenyewe."

Twahir alikiweka, mgongo wa kiti ukielekea dashibodi bila kuigusa. Cansilde alimwonyesha alama za buluu pembeni. Mkanda wa gari wa tumboni ulipita katika alama hizo, juu ya mahali pa miguu ya mtoto. Mkanda wa begani ulizunguka nyuma ya kiti. Twahir akabana kufuli ya mkanda hadi ikalia.

"Kitingishe."

Kiti kilicheza upana wa kiganja.

"Bado. Kikandamize kwa uzito wako, kisha uvute mkanda."

Twahir alikiegemea kwa nguvu, akavuta mkanda mpaka jasho likamtoka. Alipokitingisha tena, hakikusogea hata upana wa vidole viwili.

Kaltumu alimweka Ishimwe ndani. Kichwa kikainama, kidevu kikagusa kifua.

"Hapo hapumui vizuri," alisema Cansilde. Alikunja taulo, akaliweka chini ya kiti upande wa miguu, nao wakakaza mkanda upya. Kiti kikalala kidogo, na kichwa cha mtoto kikatulia.

Kaltumu alitaka kumfunga pamoja na blanketi lake nene.

"Blanketi baadaye, Mama Ishimwe. Likiwa chini ya mikanda, mikanda inalegea. Mfunge kwanza. Kidole kimoja tu kipite kati ya mkanda na kifua. Halafu umfunike."

Siku hiyo Twahir alikitoa kiti na kukirudisha mara tatu. Mara ya nne Kaltumu alifanya mwenyewe. Jumamosi alipanda gari.

Mwezi wa nane walikuwa wanateremka kutoka Nyundo, mvua ikinyesha. Penye kona, lori la mchanga lilikuwa limesimama bila taa. Twahir alikanyaga breki. Matairi yaliteleza, pikapu ikaligonga lori kwa nyuma. Vioo vya taa vilivunjika na boneti ikakunjamana. Mkanda ulimbana Twahir kifuani hadi pumzi ikakata. Kaltumu alishika tumbo, pale mkanda wake ulipombana.

Kisha wakamsikia Ishimwe analia. Alilia kwa hasira, kama mtoto aliyeamshwa. Kiti kilikuwa palepale.

Kwenye zahanati, mhudumu alimgusa mtoto shingo, mabega na miguu. Alimwangalia macho kwa muda mrefu.

"Huyu iko muzima," alisema. "Iko na njaa tu. Mumunyonyeshe."

Twahir alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono. Kaltumu alimnyonyesha mtoto, bega lake likigusa la mumewe.

Jioni Cansilde alikuja kuwapa pole. Alikitazama kiti na kutikisa kichwa. "Kiti kikishapata ajali, kazi yake imekwisha. Plastiki inaweza kupasuka ndani na msione. Msikitumie tena, wala msimpe mtu."

Jumatatu Twahir alikwenda kupiga simu Ubelgiji. Alimweleza Liliane kila kitu, kuanzia mpira wa baiskeli, bila kuficha. Liliane alilia, kisha akaahidi kutuma kiti kingine.

"Tuma mbili," alisema Twahir.

"Mbili? Kwani mumepata mapacha?"

"Hapana. Nyingine ni ya Onésphore, mwenzangu wa viazi. Muke wake amezaa wiki iliyopita. Zikifika, mi ndiye nitamufundisha."