Chale za Gari la Kalinga

Jioni ile nilikwenda mashineni kuchukua unga. Unga tu. Ningejua, tungelala na viazi.

Gari lilikuwa la mume wangu, Kalinga. Alilinunua kwa mtu wa Ilomba, kule kwetu Mbeya, akalileta hapa Ipogolo anaringa kama bwana harusi. Lilikuwa jeusi, na rangi yake ni ya kisasa, inajiponya. Mbuzi akilikwangua, Kalinga analimwagia maji ya moto na mkwaruzo unafunga huku unatazama. Majirani walikuja kushangaa. Mama mkwe wangu, Apolonia, hakushangaa rangi. Yeye alikuwa anayatazama macho ya majirani.

Basi Kalinga aliposafiri, mama akamleta bibi mmoja wa Igowole alizindike gari, husuda isilipate. Bibi akalichanja chale kwa wembe, mlango kwa mlango, akapaka dawa nyeusi, kama anavyochanjwa mtu. Mimi nilikuwa jikoni najichekea. Kanisani tunakaa benchi la mbele, nyumbani tunachanja magari.

Kabla ya kuondoka, bibi alisema, "Chale hizi msizizibe. Mlinzi niliyemtia humu akimaliza kazi, ndimo atakamotokea."

Hakuna aliyemwambia habari ya ile rangi. Kesho yake jua likawaka, na chale zote zikafunga. Mama akafurahi. Alisema dawa imeingia.

Sasa jioni hiyo ninarudi na unga, na mwanangu Anjela amelala kiti cha nyuma. Ubaridi wa Iringa umeshaanza kushuka mlimani. Nikasikia harufu ya ile dawa, kama manyoya ya kuku yaliyoungua. Kisha sauti.

Kr... kr... kr...

Nikadhani ni gunia linasugua kiti. Nikatazama mbele. Juu ya boneti ulikuwa unachorwa mstari, polepole, na hapakuwa na mkono. Ulikuwa unatokea chini ya rangi, kama kuna kucha inakwangua kutoka ndani. Ukafika katikati, ukafunga. Ukaanza mwingine.

Niliendesha nikisali kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili kilinikimbia.

Nilipoingia uani nikazima gari. Halikuzima. Nikachomoa ufunguo, injini ikaendelea kunguruma. Nikasukuma mlango, ukagoma. Nikabonyeza vioo, vikagoma. Joto likaanza kupanda kutoka chini ya miguu yangu, na Anjela akaamka analia.

Mama alikuja mbio kutoka jikoni. Akavuta milango yote.

"Mama, nitoe," nikasema kwenye kioo.

"Navuta, mwanangu. Haufunguki."

Akachukua mchi wa kinu, akapiga kioo cha nyuma. Kikapasuka. Nikaona ufa unatambaa kama mzizi... halafu ukarudi ulikotoka. Kioo kikawa kizima. Mama akabaki ameshika mchi, mdomo wazi.

"Zile chale zilifungwa na nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni rangi, mama. Rangi ya gari hili inajiponya. Ikipata joto inafunga yenyewe."

Akaweka kiganja juu ya mlango. Akakitoa haraka. Bati lilikuwa la moto kama kikaango.

"Kumbe yumo," akanong'ona. "Yumo, na hana pa kutokea."

Akakimbilia ndani, akarudi na wembe. Akachanja mlango. Chale ikafunga kabla hajainua mkono. Akachanja tena, chini, juu, pembeni, analia bila sauti, na kila alipochanja palifunga. Ndani nilikuwa nahema na hewa haitoshi. Nilihamia nyuma, nikamkumbatia Anjela, nikampulizia usoni. Jasho lake lilikuwa limekauka.

Kr... kr... Sasa ilikuwa ndani ya paa, juu ya kichwa chake.

Anjela akanyamaza.

Niliogopa ule ukimya kuliko kitu chochote duniani. Mama aliuona kupitia kioo. Akaacha kuchanja gari. Akapandisha mkono wa sweta yake.

"Mama, hapana," nikasema. Lakini nilisema taratibu. Mungu anajua nilivyosema taratibu.

Akajichanja mkononi, akaubandika mkono wake kwenye bati la moto. "Njoo huku," akaliambia gari. "Huku pako wazi."

Injini ikazima.

Mlango ukafunguka wenyewe. Nikatoka na mwanangu, nikammwagia maji ya ndoo, akakohoa, akalia. Sijawahi kusikia wimbo mtamu kuliko kile kilio. Mama alikuwa amekaa chini, anautazama mkono wake.

Kalinga aliporudi alimwita fundi. Fundi akasema ni waya za kufungia milango. Kalinga akaridhika, maana mwanamume akishapewa neno la fundi hana swali tena. Ila gari lile halijiponyi siku hizi. Mbuzi amelikwangua ubavuni, na Kalinga amemwaga maji ya moto mpaka amechoka.

Chale ya mama ilifunga jioni ile ile, alipousogeza mkono kwenye moto wa jikoni. Haikuacha kovu.

Tangu hapo mama hali chakula vizuri. Jana, jua likizama, nilimkuta jikoni na Anjela amempakata. Niliisikia kabla sijafika mlangoni.

Kr... kr...

Akanyoosha mkono. Chini ya ngozi kulikuwa na mstari unatembea.

"Nichanje, mama Anjela," akanong'ona, ananipa wembe. "Mimi nikijichanja panafunga. Labda kwa mkono wako patabaki wazi. Anataka kutoka. Ananiumiza, mwanangu."

Nikaupokea wembe. Nampenda mama yule, aliniokolea mtoto. Nikaushika mkono wake, ulikuwa wa moto. Kisha nikamtazama Anjela magotini pake. Goti la mtoto lilikuwa na mchubuko mbichi, alianguka uani mchana.

Ulikuwa bado wazi.

Nikamnyanyua mwanangu, nikautia wembe mfukoni, nikatoka. Nyuma yangu mama hakuniita. Alijua.