Mabati ya Garderie Juu ya Nyumba ya Bibi Harusi

— Papa, inama kidogo, mulango iko chini, alisema Delphin, fundi aliyemposa binti wa mzee, mbele ya nyumba mpya aliyoijenga.

Papa Étienne wala hakuuangalia mlango. Aliangalia juu. Mabati mapya ya bluu yaling'aa mpaka yakamtoa machozi mzee wa watu. Tangu vita vimfukuze Djugu, alikuwa analala hapa Bunia chini ya bâche, lile turubai la wakimbizi, na aliapa mbele ya ukoo kwamba binti yake Falone hataolewa kwenye nyumba ya bâche. Mbuzi wa dot, yaani mahari, walishapokelewa. Lilibaki neno moja tu: baba aone paa kwa macho yake.

— Mwanangu, umenifunga mudomo. Mupange siku ya harusi.

Falone alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Jumamosi ile hakuna mwanamke Bunia nzima aliyekuwa na furaha kama yake. Alimpenda huyu fundi, alimpenda vibaya sana, na si aibu kulisema.

Delphin ndiye pia alikuwa fundi wa garderie aliyoiongoza Falone, mahali bamama wa soko wanamwachia watoto wao asubuhi. Serikali ilitoa msaada wa kuikarabati: saruji, mbao, mabati. Paa la zamani lilishabomolewa, mabati mapya yakafungiwa depo, na watoto wakahamia barazani pa kanisa. Mvua ikinyesha wanalowa, wanakohoa. Wakaguzi wa serikali, ile commission, wakikuta vifaa vimepotea, msaada unakwenda kwa wengine, na watoto wanabaki pale pale barazani.

Jumatatu asubuhi simu ya Falone ikaingiza ujumbe:

"Directrice, commission inafika leo, si juma lijalo. Tuko njiani. Madame Martine."

Akampigia Delphin hapo hapo.

— Chéri, fanya mbio! Commission iko nakuja leo!

— Leo? Si walisema juma ingine?

— Leo, nakuambia! Kuja tuwaonyeshe mabati.

— Nakuja, alisema.

Commission ilipofika, depo ikafunguliwa. Saruji ipo, mbao zipo, mabati hakuna hata moja. Madame Martine, mkuu wa commission, mama asiyependa mchezo kazini, akamgeukia Muzee Kasereka, mlinzi.

— Muzee, mabati iko wapi?

— Fundi alibeba, mama. Siku ya Ijumaa. Aliniambia anaenda kuyakata, atarudisha.

— Fundi, ni kweli?

Wote wakamwangalia Delphin. Jamani, hapa ndipo mtu anajulikana! "Ndiyo" moja tu ilitosha.

— Miye sijui kitu, Madame.

— Yezu wangu! Mzee akashika kichwa. Delphin mutoto wangu, si nilikusaidia kuyapakia na mikono yangu?

— Muzee iko nasema uongo.

Polisi aliyefuatana na commission akamkamata mzee mkono. Mzee hakubisha. Alianza tu kulia, mtu mzima na mvi zake, mbele ya bamama waliokuwa wamekuja kuangalia.

Na Falone? Alikumbuka yale mabati ya bluu na baba yake akiyalilia. Akifunga mdomo, harusi ipo na baba anafurahi, lakini mzee asiye na kosa analala cachot, mahabusu ya polisi. Akisema, anamwangusha mwanaume anayempenda, na labda garderie pia.

— Mumuache Muzee, alisema. Mabati iko juu ya nyumba yangu.

— Nyumba gani? aliuliza Madame Martine.

— Ile nitaolewa ndani. Siye na papa tuliiona siku ya posho, Jumamosi ile.

— Falone! Delphin alipiga kelele. Ilikuwa ya siku kidogo tu! Nilitaka papa aone paa, kisha niyarudishe! Nilifanya kwa sababu yako!

— Basi ungesema vile wakati walikuuliza.

Polisi akamwachia mzee. Madame Martine akamgeukia Falone.

— Directrice, kwa sababu umesema ukweli, ninakupatia juma moja. Nikirudi nisikute paa, garderie ingine itakamata hii subvention, huu musaada wa serikali. Na weye fundi, nikikosa bati moja, tutaonana tribunal, mbele ya hakimu.

Delphin alipanda juu ya nyumba yake mchana kweupe, majirani wakimcheka, akang'oa kila msumari. Mabati yalikuwa yameshatobolewa, ikabidi azibe kila tundu kwa lami. Alifanya kazi bila kula vizuri, bila kuinua macho. Madame Martine aliporudi, garderie ilikuwa na paa. Aliliangalia, akaitikia kwa kichwa.

Jioni ile Papa Étienne alimwita binti yake.

— Falone, paa nililitaka miye. Kosa iko yangu pia. Mwanaume alifanya kwa mapendo.

— Ya mabati nimemusamehe, papa.

— Sasa unalia nini?

Kesho yake Delphin alimkuta kwenye kiwanja cha garderie, akasimama mbali kidogo.

— Nimemaliza, Falone. Nimeomba Muzee Kasereka pardon kwa magoti. Amenisamehe. Na weye?

— Miye pia.

— Aksanti Mungu! Basi harusi...

— Hapana, Delphin.

— Nitajenga paa ingine! Ya jasho yangu!

— Sihitaji paa. Na weye ningelala hata chini ya bâche, papa ningemubembeleza.

— Sasa ni nini? Niambie!

— Wakati walimushika Muzee mukono, ulikuwa wapi?

— Nilikuwa pale pale.

— Ndiyo hiyo. Ulikuwa pale pale. Siku moja watashika mukono yangu, ama ya mutoto wetu, na weye utakuwa pale pale.

Falone alimtazama kwa mapendo yake yote, kisha akaingia ndani kwa watoto.

Papa Étienne alirudisha mbuzi wa dot mwenyewe, bila kumtukana mtu. Falone alilia juma zima, na kila asubuhi alifungua garderie.